Chupa Isiyo ya Chai

Jumamosi, 1 Machi

Dawa ya minyoo, mara ya tatu. Mbwa wangu Kamwani ameimeza ndani ya kipande cha ndizi na dagaa, hakujua. Mkaguzi ameitema mara mbili na kunikwaruza mkono. Mara ya tatu nimemfunga kwenye kanga kama mtoto wa kliniki, dawa ikashuka. Paka huyu nimempa jina la haki. Tangu aje hakuna sufuria ambayo hajaifunua aone kuna nini, na akimaliza anaondoka kimya, kama wakaguzi wote waliowahi kuingia darasani kwangu.

Uzito kwa mizani ya kahawa: mbwa kilo nne na nusu. Paka kilo moja, ila alikuwa anacheza na ndoano, kwa hiyo sina uhakika.

Wiki kumi na moja hivi, wote wawili. Kamwani nilimtoa Rubafu kwa kaka yangu. Mkaguzi alitoka Bukoba, dukani kwa Hansa. Nimewaandika kwenye daftari la Tata, marehemu baba yangu, kurasa za mwisho ambazo hakuzimaliza. Alikuwa bwana mifugo wa hapa Izigo na vijiji vya jirani miaka ishirini na sita. Daftari lake lina ng'ombe, mbuzi na mbwa, kila mmoja na jina la mwenye nyumba. Mwandiko wake umelalia upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo. Chini yake sasa upo wangu. Nimekaa na kalamu mkononi muda mrefu. Nimemkumbuka.

Jumanne, 4 Machi

Anitha amepita na pikipiki. Ndiye afisa mifugo wetu, binti wa miaka ishirini na saba, ana kata tatu peke yake. Friji lake limekufa tangu Januari. Anataka kuchanja kichaa cha mbwa kwa mbwa na paka wote waliofikisha miezi mitatu, lakini chanjo ipo Bukoba na yeye hana nafasi ya kwenda.

Nikasema Alhamisi ya wiki ijayo naenda Bukoba kliniki ya macho, nitaileta mimi. Nilisema haraka kuliko ilivyostahili. Akaniuliza nitaibebea kwenye nini, maana kiboksi chake cha baridi kimeazimwa Kamachumu. Nikamwambia nina chupa ya Tata. Alicheka kidogo, kisha akaona sicheki.

Kichupa kimoja, dozi kumi. Orodha imejaa hapo hapo: wangu wawili, Simba, mbwa wa Ma Regina jirani yangu, na wengine saba wa kitongoji. Anitha amenionya mara mbili. Ikipata joto si chanjo tena, ni maji. Ikitokea hivyo namwaga, nampigia simu. Nimemjibu kwamba nilizijua hizo habari kabla mama yake hajazaliwa.

Jumatano, 12 Machi

Nimeitoa chupa ya Tata juu ya kabati. Ya bluu, kubwa, kifuniko chake ndicho kikombe. Watu waliiita chupa ya chai, na kweli ni chupa ya chai, ila mimi sikuwahi kuona chai ndani yake. Ilibeba barafu na dawa tu. Tata akiweka kichupa humo alikizungushia kwanza jani kavu la mgomba, tabaka tatu, kisigusane na barafu. Maana ikiganda nayo imekufa. Joto linaiua, kuganda kunaiua. Nilikuwa namkatia hayo majani mwenyewe.

Nimeisugua kwa majivu na stilwaya mpaka inang'aa. Ubavuni kulikuwa na kipande cha plasta cheusi, kimegandia tangu enzi hizo, uchafu mtupu. Nimekikwangua kwa kisu. Sasa ni chupa ya kwenda nayo mjini.

Nina furaha ya kitoto. Nimeshakata na majani.

Alhamisi, 13 Machi

Siku mbaya.

Asubuhi ilianza vizuri. Macho sawa, kasoro la kushoto. Chanjo nimepewa, nimesaini. Nikapita kwa Hansa kuchukua barafu. Baba yake ndiye aliyekuwa anampa Tata barafu kutoka friji lao la mafuta ya taa, enzi ambazo mtaa ule ulikuwa wa maduka ya Wahindi mwanzo hadi mwisho. Sasa wamebaki wao na nyumba nyingine mbili. Hansa ana magoti mabovu kama mimi. Aliiona chupa akaishika kwa mikono miwili, akasema baba yake angefurahi. Tukakaa kidogo. Alijaza barafu mwenyewe.

Nikiwa hapo simu ikaingia: mama yake Adela amefariki, anazikwa leo saa tisa Kanazi. Adela nimefundisha naye miaka tisa. Gari linapita mbele ya mji wao. Ningewezaje kupita? Mtu hapiti. Nikashuka.

Nikaacha mkoba na chupa mlangoni pamoja na vitu vya wengine, nikaingia kukaa na Adela. Kulia, kuimba, kwenda kaburini, kurudi. Saa mbili na zaidi.

Niliporudi mlangoni chupa haipo. Nimeikuta jikoni, imepangwa na chupa nyingine sita. Wale kinamama walidhani nimeleta chupa kwa ajili ya msiba. Wamemwaga maji ya barafu, wamejaza chai ya maziwa na tangawizi. Kichupa wamekihifadhi kwa heshima zote, wamekiweka kwenye kijidirisha juu ya mafiga kisipotee. Mmoja akaniambia pole na macho, waitu, mwenzetu, dawa yako hii hapa.

Ilikuwa ya moto. Si vuguvugu. Ya moto.

Nikasema asanteni. Nikanywa na chai yenyewe, mbele yao, kwa sababu ningesema nini?

Nimefika nyumbani, nimekitia kichupa kwenye maji ya mtungi. Kimepoa. Ukikishika hujui lolote.

Sijampigia Anitha.

Ijumaa, 14 Machi

Wamechanjwa. Uani kwangu, saa tatu asubuhi. Wote kumi.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini walikuja mapema, na Ta Kaijage, mzee ambaye Tata alimtibia ng'ombe wake na tangu hapo anamsifu kila mahali, akaiona chupa mezani akavua kofia. Akawaambia watu kwamba chanjo iliyopita kwenye chupa hii haijawahi kumwangusha mtu. Wote wakaniangalia mimi. Anitha akakishika kichupa, kina baridi ya mtungi, akavuta dozi ya kwanza.

Nilimshikilia Kamwani mwenyewe. Hakulia hata kidogo.

Nimeandika majina kumi kwenye daftari la Tata. Mkono wangu ni mzuri sana ukiwa unaandika uongo.

Jumapili, 16 Machi

Misa. Sikupokea komunyo. Ma Regina ameniuliza kama naumwa.

Jumatano, 19 Machi

Kupe wawili nyuma ya sikio la Kamwani. Nimetoa, nimechoma. Anakua vizuri, mkia mrefu, anamwogopa paka. Wanalala kwenye kikapu kimoja.

Leo nimekumbuka Rubafu. Nilikuwa na miaka minane, likizo, Tata alinipakia nyuma ya baiskeli. Tairi likapasuka mara mbili njiani. Tulipofika watu walikuwa wanatungoja tangu asubuhi, mbwa wao wamefungwa kamba za mgomba, wengine wametembea kutoka mbali. Tata akafungua chupa, akatia kidole. Barafu imekwisha, maji yana joto. Akatoa kile kichupa, akakivunja shingo, akamwaga chini mbele ya watu wote.

Walimtukana. Mzee mmoja alimwambia mambo ambayo sikuwahi kusikia baba yangu akiambiwa. Niliona aibu nikajificha nyuma ya baiskeli. Tukarudi kwa miguu. Njiani nikamuuliza kwa nini hakuwachoma tu, wasingejua. Akasema, “Wakinitukana leo, Jumamosi wataniamini.”

Jumamosi akarudi. Walikuja wote, pamoja na yule mzee.

Ni miaka hamsini na tano sasa, na hadithi hiyo nimeisimulia kwa watoto wa shule miaka yote niliyofundisha. Niliisimulia vizuri mno.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepiga namba ya Anitha mara mbili na kukata kabla haijaita. Alipopiga yeye kuuliza nilitaka nini, nikamuuliza kuhusu kuhasi. Akasema miezi sita, wote wawili, na nisisubiri Kamwani apate joto la kwanza. Nikasema asante. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 28 Machi

Mbwa mgeni ameingia kitongojini asubuhi, amelegea taya, mate yanamtoka. Amepita kibanja cha Ta Kaijage hadi kwa Ma Regina. Vijana wamemuua kwa mapanga pale kisimani. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameshamng'ata Simba sikioni.

Kamwani nilikuwa nimemfunga. Mkaguzi alikuwa juu ya paa.

Nilikimbia kwa Ma Regina na kanga moja. Simba analamba damu, mkia unatingishika, mtoto wa mbwa mwenye miezi mitatu na nusu. Wajukuu wanne wamemzunguka, mdogo amemkumbatia shingoni. Ma Regina alikuwa anamenya ndizi kwa raha zake. Akaniambia, “Simba ana sindano ya Mwalimu. Sina wasiwasi.”

Nikawaambia watoto waache kumshika, wanawe mikono kwa sabuni. Nikasema ni kawaida kwa mbwa mwenye kidonda. Kisha nikarudi nyumbani.

Hapo niliacha kuwa mwoga, au nilichoka. Saa sita nimempigia Anitha, nikamweleza yote: barafu, Kanazi, mafiga, mtungi. Kisha akasema, “Mwalimu, ungenipigia siku ile ile ningecheka.”

Hakucheka.

Jumamosi, 29 Machi

Anitha alifika saa moja. Kwa Ma Regina ametangulia yeye, mimi nyuma. Alieleza kwa upole. Mbwa aliyeng'atwa hana kinga: auawe, au afungiwe peke yake miezi sita, asiguswe. Watoto wote wanne waende hospitali Muleba leo hii, na Ma Regina, na mimi pia, maana jana nilimshika Simba nikiangalia kidonda.

Ma Regina hakunitukana. Ningependa anitukane. Aliniambia tu, “Wajukuu zangu wanalala naye, Mwalimu.”

Nimeomba Simba afungiwe kwangu, stoo ya kahawa ya Tata. Mlango ni wa mbao nzito, chini una tundu la kupitisha chakula. Ma Regina alikubali kwa kichwa. Kamba alimpa Anitha, hakunipa mimi.

Sindano ya kwanza inauma. Watoto wamelia njia nzima ya kurudi.

Jumapili, 30 Machi

Jumuiya, baada ya misa. Nilimwomba mwenyekiti nafasi kwenye matangazo. Nikasimama. Nimesimama mbele ya watu miaka thelathini na nne, sikuwahi kusimama kwa jambo kama hili.

Nikasema: “Chanjo niliyoileta iliiva jikoni Kanazi. Nilijua. Nikanyamaza kwa ajili ya jina la baba yangu. Mbwa wenu na paka wenu hawana kinga.”

Ta Kaijage akaangalia kofia yake. Mama mmoja akauliza kama na ng'ombe nao, nikasema ng'ombe hawamo. Mwenyekiti akaendelea na tangazo la kufagia kanisa.

Nimekata majina kumi kwenye daftari kwa mstari mmoja mmoja. Tata angetumia rula. Nimetumia rula.

Jumatano, 2 Aprili

Anitha amechanja upya. Kiboksi chake kimerudi, kina kipimajoto. Wamekuja tisa kati ya tisa, nilidhani hatakuja mtu. Hawakuongea nami sana, lakini wamekuja. Ta Kaijage amemleta wake begani, akasema baba yangu naye aliwahi kumwaga. Nikajibu kwamba baba yangu alimwaga kabla. Akasema, ndiyo, ni kweli.

Alhamisi, 10 Aprili

Simba anakula vizuri. Namsukumia chakula kwenye jani la mgomba kwa mti mrefu. Anaweka pua kwenye tundu anaponisikia. Namsomea gazeti la zamani kupitia mlango, apate sauti ya mtu. Kamwani analia nje ya stoo, nimemfungia ndani.

Wajukuu wa Ma Regina wamemaliza sindano ya tatu. Naenda nao kila mara. Ma Regina anakaa kiti cha mbele, mimi nyuma. Hatusalimiani. Mwanamke tuliyevuna naye kahawa tangu nikiwa binti, hatusalimiani.

Jumatano, 23 Aprili

Simba hajanywa maji tangu jana. Asubuhi sauti yake imebadilika, nzito, si yake. Ameuma mti niliomsukumia na hakuuachia.

Anitha alikuja na glavu nene na fimbo yenye kitanzi. Ameniambia niende jikoni. Nilikwenda. Mkaguzi alikuwa amekaa juu ya sufuria ya maharage na sikumfukuza.

Tumemzika mbali na kisima, shimo refu, chokaa juu. Alikuwa hajafikisha miezi mitano.

Watoto wako salama, amesema Anitha. Wako salama. Nimeliandika mara mbili ili nilione.

Jumapili, 27 Aprili

Ma Regina amekuja mchana. Hakupiga hodi, kama zamani. Alikaa kwenye benchi la Tata nje. Nikaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikasha, nikashika kwa mikono miwili. Alichukua punje mbili, moja akanipa.

Tulitafuna. Baadaye akaniambia kwamba yule mdogo bado anauliza Simba yuko wapi. Nikalia. Yeye hakulia, alinishika goti. Alikaa mpaka jua likashuka kwenye migomba, kisha akasema ndizi hazijamenywa, akaenda.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeokota jino kwenye kikapu, dogo mno, jeupe. La Kamwani. Nimecheka peke yangu. Mimi la kwanza nililirusha juu ya paa, na Tata akatoka nje akalitafuta kwenye nyasi mpaka akalipata, akaliweka kwenye kisanduku cha sindano.

Nikashusha daftari niandike jino. Kurasa zikafunguka katikati, mwaka niliokuwa darasa la pili. Kati ya mbuzi wa Izigo na mbwa wa Muhutwe ameandika:

Chupa karibu inywewe kwa padre. Nimeweka plasta. Ameandika binti mwenyewe kwa wino mweusi, SI CHAI. Anaandika vizuri kuliko mimi.

Nimeisoma nimesimama. Halafu nimekaa.

Ile plasta. Nakumbuka sasa. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, ulimi nje, Tata ameishika chupa isiviringike. Nilipomaliza akaniambia niandike tena juu yake, iwe nyeusi zaidi. Aliibeba miaka yote ile, akabadilisha kifuniko, akabadilisha mpini, plasta hakuigusa. Na mimi nikaikwangua kwa kisu ili chupa ing'ae mjini.

Nimekasirika, sijui na nani. Na nimefurahi pia, siwezi kusema uongo. Aliniandika kwenye daftari la mifugo.

Jumanne, 24 Juni

Kamwani amehasiwa jana, Mkaguzi leo. Kamwani anatembea kama bibi harusi, polepole, anataka kila mtu amwonee huruma. Mkaguzi ameamka, amekagua mshono wake, kisha sufuria.

Jumapili, 16 Novemba

Senene wameanza. Mikono yangu yote inanuka, tumewanyonyoa tangu asubuhi.

Juzi mbwa mpya wa Ma Regina amefikisha miezi mitatu. Anitha hana nafasi tena, friji bado, kiboksi kimeazimwa tena. Nikasema sitaenda mimi. Ma Regina akasema nani mwingine? Akaingia ndani kwangu, akaishusha chupa juu ya kabati, akatoa plasta kwenye mfuko wa kitenge chake. Alikuwa ameinunua kabisa, tangu nilipomsomea lile daftari. Alisoma mpaka darasa la tatu tu na huwa haandiki mbele za watu. Akanitaka kalamu. Akaandika polepole, mimi nikiishika chupa isiviringike.

Jana Bukoba. Hansa akajaza barafu, akasoma, akacheka mpaka akakohoa. Kurudi nikashuka Kanazi kumwona Adela, maana sikuwa nimempitia tangu msiba. Binti wa jikoni akapokea mizigo yangu. Nilimwona akisoma ubavu wa chupa. Akaiweka chini ya mti wa kahawa, kivulini, mbali na moto, asiniulize kitu.

Mbwa anaitwa Simba pia. Watoto ndio waliotaka. Nimemwandika kwenye daftari, mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho.

Anitha alipofungua chupa jioni, barafu ilikuwa bado nusu.